Istilahi za Msingi za Kuchambua Hadithi Fupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayeanza kuchambua hadithi fupi, awe darasani au peke yake, ambaye pengine amekwisha kukariri istilahi nyingi bila kuoneshwa zinavyofanya kazi. Ili zisibaki hewani, karibu zote zitajaribiwa juu ya kisa kimoja kilichotungwa kwa kusudi hilo. Kisa chenyewe ni hiki:

Salma anafika katika nyumba ya marehemu baba yake ili amkabidhi mnunuzi ufunguo. Nyumba imeuzwa na kaka yake, Idi, ambaye hakumshauri. Mlango anaukuta wazi na kitasa chake kinang'aa, lakini yeye anapita tu. Anazunguka vyumba vitupu, anasimama mbele ya alama nyeupe ya mstatili ukutani palipokuwa na picha ya baba, anakumbuka siku alipopewa ufunguo huo akiwa na umri wa miaka 9 na kuambiwa asimpe mtu yeyote. Mnunuzi anaingia, anamsalimu kwa adabu, anautazama ufunguo kiganjani mwake, kisha anamwambia kwamba vitasa vyote vilibadilishwa wiki iliyopita. Salma anaurudisha ufunguo mkobani na kuondoka.

Hadithi fupi ni nini, na ufupi wake unapimwa kwa kipimo gani?

Hadithi fupi ni utungo wa kubuni wa nathari unaojikita katika tukio au hali moja kuu, wenye wahusika wachache na upeo mdogo wa mahali na wakati. Hakuna idadi ya maneno iliyokubaliwa na wote. Mwaka 1842 mwandishi wa Marekani, Edgar Allan Poe, alipokuwa akihakiki mkusanyiko wa visa vya Nathaniel Hawthorne, alitoa kipimo cha muda: kisa kinachosomeka kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili hivi. Uzito wa hoja yake haupo kwenye saa bali kwenye sababu aliyoitoa, kwamba msomaji asiyekatizwa huweza kupata athari moja isiyogawanyika, na kwa hiyo mwandishi huanza kwa kuchagua athari hiyo ndipo abuni matukio yatakayoitumikia.

Kwa mchambuzi, matokeo ya hoja hiyo ni makubwa. Mwandishi wa riwaya anaweza kueleza samani za chumba kwa sababu tu chumba kina samani, na hakuna atakayemlaumu. Katika hadithi fupi msomaji ana haki ya kuuliza kila kitu kimeletwa kufanya nini, na maswali mengi yanayofuata ni namna tofauti za kuuliza swali hilo hilo.

Je, kuchambua kwa istilahi hakuui utamu wa hadithi?

Huua pale istilahi inapogeuzwa kuwa lebo ya kubandika. Anayesema "hapa kuna taswira" na kunyamaza amepoteza muda wake na wa anayemsikiliza. Anayeuliza kwa nini mwandishi alichagua alama ya picha iliyoondolewa badala ya picha yenyewe amekwisha kuingia ndani ya hadithi, hata kama bado hajalijua jina la mbinu hiyo.

Fani na maudhui hutofautianaje?

Maudhui ni yale yanayosemwa, yaani dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi; fani ni jinsi yanavyosemwa, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari, usimulizi na matumizi ya lugha. Mgawanyo huu unasaidia kupanga kazi, lakini usichukuliwe kama ukuta. Kisa cha Salma kikisimuliwa na Idi, matukio yatabaki yale yale, ilhali maudhui yatahama kabisa, kwa maana kitakuwa kisa cha mtu anayejitetea. Badiliko la fani limezaa badiliko la maudhui, na ni vigumu kuona lingewezaje kuwa vinginevyo.

Matukio na msuko si kitu kimoja?

La. Matukio ni yale yaliyotokea, yakipangwa kwa mfuatano wa wakati. Msuko, ambao wengi huuita ploti, ni jinsi mwandishi alivyoyachagua, alivyoyapanga na alivyoyaunganisha kwa sababu na matokeo. Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, aliitoa tofauti hii kwa mfano mfupi ambao walimu hawajauacha hadi leo: kusema kwamba mfalme alikufa kisha malkia akafa ni kusimulia matukio tu, lakini kusema kwamba mfalme alikufa kisha malkia akafa kwa huzuni ni kuwa na msuko, kwa kuwa sasa kifo cha pili kimefungwa na cha kwanza.

Katika kisa chetu, mfuatano halisi wa wakati unaanza Salma akiwa mtoto, unapita kwenye kifo cha baba, uuzaji wa nyumba na ubadilishaji wa vitasa, na kuishia kwenye makabidhiano yaliyoshindikana. Msuko, kwa upande wake, unaanza karibu kabisa na mwisho, unaturudisha utotoni kwa sentensi moja, na unaficha habari ya vitasa mpaka dakika ya mwisho. Hatuoni kifo wala mauzo. Mchambuzi anayeorodhesha matukio pekee hatagundua kwamba nguvu yote ya kisa imetokana na habari moja kucheleweshwa.

Hatua za msuko ni zipi?

Hatua zinazotajwa mara nyingi ni tano: utangulizi, ambapo tunawajua wahusika na hali yao, kukua kwa mgogoro, kilele, kushuka kwa matukio, na hatima au suluhisho. Mchoro wake wa umbo la piramidi unatokana na Gustav Freytag, mwandishi wa Ujerumani, aliyeueleza mwaka 1863. Freytag alikuwa akizungumzia tamthilia, hasa tanzia zenye maonyesho matano, wala hakuwa na hadithi fupi akilini. Ndiyo maana wanafunzi hutaabika kuitafuta "hatua ya nne" katika hadithi ambayo haina hatua hiyo.

Hadithi fupi nyingi za karne ya 20 na kuendelea huanzia katikati ya mgogoro na kukatika mara baada ya kilele. Katika kisa cha Salma, kilele ni kauli ya mnunuzi kuhusu vitasa, na baada yake imebaki sentensi moja tu. Vilevile kilele si lazima kiwe na kelele. Kinaweza kuwa ufunuo, yaani dakika ambayo mhusika, au msomaji peke yake, anauona ukweli uliokuwapo muda wote. James Joyce ndiye anayetajwa zaidi kwa kuzijenga hadithi fupi juu ya dakika za namna hiyo.

Mgogoro ni lazima uwe ugomvi?

Si lazima. Mgogoro ni mvutano kati ya nguvu mbili ambazo haziwezi kutimia kwa pamoja: mtu na mtu, mtu na jamii yake, mtu na maumbile, au mtu na nafsi yake. Idi hatokei kabisa katika kisa chetu, na hakuna aliyepandisha sauti. Hata hivyo mgogoro kati ya ndugu hawa upo katika neno moja, "hakumshauri", na mgogoro wa nafsi uko katika tendo la binti kuja kukabidhi kitu alichoagizwa asikikabidhi kwa yeyote. Ukiulizwa ni upi mkuu, usijibu kwa kuhesabu sentensi. Tazama ni upi unaofikishwa kileleni.

Msimulizi ndiye mwandishi?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu majibu mengi kuliko jingine lolote. Mwandishi ni mtu aliyeishi au anayeishi nje ya maandishi. Msimulizi ni sauti iliyobuniwa ndani ya maandishi. Hata pale msimulizi anapotumia "mimi", anapofanana na mwandishi kwa umri, kazi na jinsia, bado ni kiumbe wa karatasi. Mwandishi mwanamume anaweza kumbuni msimulizi msichana; mwandishi mpole anaweza kumpa muuaji nafasi ya kusimulia. Kuandika "mwandishi anasema anamchukia kaka yake" wakati maneno hayo ni ya msimulizi ni sawa na kumshtaki mtu kwa kosa la mwingine.

Aina za usimulizi ni zipi, na zinabadili nini?

Njia nzuri ya kulijibu swali hili ni kuchukua dakika moja ya kisa na kuiandika mara kadhaa. Tuchukue dakika ambayo mnunuzi anautazama ufunguo.

Kwa nafsi ya kwanza: "Nilimnyooshea mkono. Aliutazama ufunguo kana kwamba sijui alikuwa akitazama nini, na mimi nikaona haya bila kujua naona haya ya nini." Hapa tuko ndani ya kichwa cha Salma, tunajua anachokijua tu, na kila tunachoambiwa kuhusu mnunuzi kimepita kwanza kwenye hisia zake.

Kwa nafsi ya tatu yenye ujuzi wa mhusika mmoja: "Salma alimnyooshea mkono. Mwanamume yule aliutazama ufunguo, akanyamaza. Kwani alikuwa na haraka gani ya kunyamaza?" Sentensi ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili. Kisarufi ni ya msimulizi, kwa kuwa haina alama za nukuu wala "alijiuliza", lakini swali lenyewe ni la Salma. Sauti mbili zimekaa katika sentensi moja, na mwandishi stadi hutumia mbinu hii kutupeleka ndani ya mhusika bila kutangaza kwamba tumeingia.

Kwa nafsi ya tatu ya msimulizi maizi, yaani anayejua yote: "Salma alimnyooshea mkono, asijue kwamba ufunguo ule haukuwa na mlango tena, na mnunuzi, ambaye alikuwa amejiandaa tangu asubuhi kumweleza, alijikuta hana ujasiri." Sasa tumeingia vichwa viwili, na siri imetoka mapema.

Kwa usimulizi wa nje, unaorekodi kama kamera: "Alimnyooshea mkono. Ufunguo ulikuwa kiganjani. Mwanamume aliutazama kwa muda, akasema vitasa vilibadilishwa." Hakuna hisia iliyotajwa, na kazi yote ya kuhisi imeachiwa msomaji.

Nafsi ya pili, ambamo msimulizi anamwambia mtu "unafika, unakuta mlango wazi", ipo pia lakini ni adimu. Itajwe inapotumika, na mchambuzi aeleze anayeambiwa ni nani.

Ukiisha kuiona tofauti kati ya matoleo haya, utaacha kuandika kwamba "mwandishi ametumia nafsi ya tatu" kana kwamba hilo ni jibu kamili. Swali lenye tija ni nani anaona, nani anasema, na nani ananyimwa habari gani.

Msimulizi asiyeaminika ni yupi?

Ni msimulizi ambaye maandishi yenyewe yanatupa sababu ya kumshuku, ama kwa kuwa anadanganya, ama anajidanganya, au kwa sababu ya umri, hofu, ulevi au ufinyu wa maarifa. Istilahi hii ilienezwa na mhakiki wa Marekani Wayne C. Booth mwaka 1961. Tuseme Idi anasimulia: "Dada yangu hakuipenda nyumba ile hata siku moja. Nilimtua mzigo tu. Simu zake sikuzipokea kwa kuwa nilijua atataka kunishukuru." Hakuna anayempinga Idi ndani ya aya hiyo, lakini sentensi ya tatu inaibomoa ya kwanza. Ushahidi wa kutoaminika sharti utoke ndani ya maandishi. Kutompenda msimulizi si ushahidi.

Wahusika bapa na wahusika duara ni akina nani?

Ugawaji huu nao ni wa Forster. Mhusika bapa amejengwa juu ya sifa moja na habadiliki. Mhusika duara ana pande nyingi, na anaweza kutushangaza kwa namna ambayo bado tunaiamini. Wengi hudhani bapa ni kasoro, na hapo wanakosea. Hadithi fupi haina nafasi ya kumpa kila mtu undani, na mnunuzi wetu akipewa historia ya maisha yake kisa kitapinda shingo. Anahitaji adabu yake tu, kwa sababu adabu hiyo ndiyo inayomnyima Salma hata mtu wa kumkasirikia.

Istilahi nyingine za wahusika zinaeleweka upesi. Mhusika mkuu ni yule ambaye mgogoro unamzunguka. Mkinzani ni anayempinga, awe mtu au hali. Mhusika foili huwekwa karibu na mwingine ili tofauti yao imwangazie mwenzake. Wahusika wasaidizi husukuma matukio bila kuwa kiini chake.

Mhusika husawiriwa kwa njia zipi?

Msimulizi anaweza kutuambia moja kwa moja kwamba "Salma alikuwa mtiifu", au anaweza kutuonesha kwa matendo, mazungumzo, mawazo, mwonekano, na yale ambayo wahusika wengine wanasema juu yake. Njia ya pili humtaka msomaji afanye kazi, na hadithi fupi huiegemea sana. Jina nalo linaweza kusawiri: mhusika akipewa jina linalobeba tabia yake, mbinu hiyo huitwa majazi, na jina la utani analopachikwa kutokana na sifa zake ni lakabu. Lakini si kila jina lina fumbo. Idi anaweza kuitwa Idi kwa sababu tu ndilo jina lake.

Mandhari ni mahali tu?

Mandhari ni mahali, wakati, na mazingira ya kijamii ambamo matukio yanafanyika. Ujaribu umuhimu wake kwa kuyahamisha matukio. Makabidhiano yakifanyika ofisini kwa wakili, tunapoteza vyumba vitupu na alama ya ukutani, na tukizipoteza hizo hatubaki na njia ya kuijua huzuni ya Salma ila kuambiwa.

Mbinu rejeshi, kiangazambele na taharuki zinahusianaje?

Zote tatu ni namna za kuuchezea wakati. Mbinu rejeshi, ambayo pia huitwa kisengere nyuma, huyakatiza matukio ya sasa ili kuleta yaliyotangulia, kama kumbukumbu ya Salma ya kupewa ufunguo. Si kila tajo la jambo lililopita ni mbinu rejeshi. Maneno "nyumba imeuzwa na kaka yake" ni taarifa, kwa kuwa hatupelekwi kulishuhudia tukio lenyewe.

Kiangazambele, au kisengere mbele kama wengine wanavyokiita, ni dokezo la jambo litakalotokea. Kitasa kinachong'aa ndicho kiangazambele chetu. Nyumba ya zamani, iliyokwisha kuhamwa, ina kitasa kipya: habari yote ya kilele imewekwa mbele ya macho yetu mapema, na tunapita kama Salma anavyopita. Dokezo zuri huonekana dogo unaposoma mara ya kwanza na haliwezi kukosekana unaposoma mara ya pili, na hiyo ni sababu tosha ya kuisoma kila hadithi mara mbili kabla ya kuishika kalamu. Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, alilitazama jambo hili kutoka upande wa mtunzi alipoandika katika barua ya mwaka 1889 kwamba haifai kuweka jukwaani bunduki yenye risasi ikiwa hakuna anayekusudia kuifyatua.

Taharuki ni hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Haitokani na hatari peke yake. Hutokana na swali lililofunguliwa bila kujibiwa, kama vile iwapo Salma atautoa ufunguo au hatautoa.

Mada, dhamira na ujumbe: nitazitenganishaje?

Mada ni jambo linalozungumziwa, na hutajwa kwa neno moja au mawili: urithi, ndugu, maombolezo. Dhamira ni wazo kuu ambalo hadithi inalijenga kuhusu mada hiyo, na huhitaji sentensi kamili. Ujumbe ni funzo ambalo msomaji anaweza kuondoka nalo. Kwa kisa chetu, mada ni urithi. Dhamira inaweza kuelezwa kwamba haki ya mtu juu ya mahali alipokulia huweza kufutwa kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kuiachia. Ujumbe, kwa anayeutaka, ni kwamba ndugu washauriane kabla ya kuuza mali ya wazazi.

Tazama jinsi ujumbe ulivyo mwembamba kuliko dhamira. Kwa maoni yangu, ufundishaji wa fasihi umeupa ujumbe nafasi kubwa mno, kiasi kwamba wanafunzi huitafutia hadithi fupi nasaha kama wanavyotafuta methali mwishoni mwa ngano. Kuna hadithi fupi nzuri ambazo hazimshauri mtu jambo lolote.

Ifahamike pia kwamba vitabu vya kiada havikubaliani: baadhi huitumia dhamira kwa maana ile ile ya mada, na vingine huitumia kwa lengo la mwandishi. Panapokuwa na utata, eleza kwa sentensi moja unaitumia kwa maana gani.

Kinaya ni nini, na kwa nini huchanganywa na sadfa na kejeli?

Kinaya ni pengo kati ya kinachoonekana au kinachotarajiwa na kilicho kweli. Kina sura tatu kuu. Kinaya cha kauli hutokea msemaji anapomaanisha kinyume cha anachosema. Kinaya cha hali hutokea matokeo yanapopingana na matarajio kwa namna yenye maana, kama vile mtu aliyejitesa kwa uamuzi wa kutoa ufunguo kukuta kwamba ufunguo wenyewe haufungui kitu. Kinaya cha kidrama hutokea msomaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui.

Aina hizi mbili za mwisho zinaweza kubadilishana nafasi kwa kuhamisha sentensi moja. Habari ya vitasa ikibaki mwishoni, kama ilivyo, tunapata kinaya cha hali, na mshtuko tunaupata pamoja na Salma. Habari hiyo ikiwekwa katika sentensi ya kwanza, tunapata kinaya cha kidrama: kila hatua yake ndani ya vyumba vile inakuwa ngumu kuitazama, kwa kuwa tunajua anachobeba hakina kazi. Matukio hayajabadilika hata kidogo. Hapa ndipo msuko, usimulizi na kinaya vinapoonekana kuwa jambo moja lililotazamwa kutoka pande tatu.

Sadfa ni matukio mawili kugongana bila kupangwa, kwa mfano Salma na Idi kukutana njiani bila kutarajia. Inaweza kuzaa kinaya, lakini yenyewe si kinaya. Kejeli ni lugha ya kudhihaki, mara nyingi yenye nia ya kuumiza, na hutumia kinaya cha kauli kama silaha. Mtu anaweza kukejeli bila kinaya, na kinaya kinaweza kuwa na huruma tele.

Taswira, ishara, jazanda na sitiari zinatofautianaje?

Taswira ni picha inayojengwa na maneno kwa hisi zozote, si macho tu: mwangwi wa nyayo katika chumba kitupu ni taswira ya sikio. Ishara ni kitu halisi ndani ya hadithi ambacho pia kinabeba maana pana kuliko chenyewe. Ufunguo ni ufunguo kwanza, una uzito na kutu, na ndipo unaweza kuwa ishara ya kuaminiwa na baba. Ukiurukia upande wa maana kabla ya kuuona kama kitu, utaishia kuona ishara katika kila kikombe.

Tashbihi hulinganisha kwa kutumia viunganishi kama "kama" au "mithili ya". Sitiari husema kitu kimoja ni kingine moja kwa moja. Tashihisi hukipa kisicho na uhai matendo ya kibinadamu. Jazanda ni ulinganisho wa kimafumbo uliopanuka, ambao unaweza kuenea katika aya au hadithi nzima.

Utajuaje kwamba kitu ni ishara na si kifaa cha kawaida? Tazama kama kinarudiwa, kama kimewekwa mahali pa uzito kama vile mwanzo, kilele, mwisho au anwani, na kama mhusika anakishughulikia kuliko matumizi yake yanavyodai. Salma kuurudisha mkobani ufunguo usio na kazi kunatimiza masharti haya. Mkoba wenyewe hauyatimizi.

Toni na hali ya hadithi ni kitu kimoja?

Toni ni mwelekeo wa sauti inayosimulia kuelekea kinachosimuliwa: ya dhihaka, ya huruma, baridi, ya uchungu. Hali ni hisia inayomjaa msomaji. Vinaweza kwenda njia tofauti, na toni baridi juu ya tukio la kuhuzunisha mara nyingi huizidisha huzuni.

Yasiyosemwa yana istilahi?

Yana maelezo zaidi ya istilahi. Ernest Hemingway, mwaka 1932, aliufananisha uandishi mzuri na mlima wa barafu unaoelea baharini, ambao sehemu moja kati ya 8 tu ndiyo inayoonekana juu ya maji. Alitoa sharti ambalo watu huliruka: mwandishi awe anakijua anachokiacha, kwa kuwa anayeacha jambo kwa kutolijua huweka shimo tu. Katika uchambuzi, orodhesha yale ambayo hadithi ingeweza kuyasimulia lakini haikuyasimulia, kisha uulize faida yake. Kwetu sisi, Idi hajapewa neno hata moja. Tungemsikia, huenda tungemwelewa, na hilo lingempunguzia Salma upweke wake.

Katika mtihani, niandikeje kuhusu mbinu bila kuorodhesha?

Taja mbinu, onesha mahali ilipo kwa nukuu fupi au maelezo mahususi, kisha eleza inachokifanya katika hadithi hiyo na si katika hadithi kwa jumla. Jibu dhaifu husema: "Mwandishi ametumia ishara ya ufunguo ili kuifanya hadithi ivutie." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote yenye ufunguo. Jibu lenye nguvu husema: "Ufunguo ambao Salma aliagizwa asimpe mtu unakataliwa na mtu pekee aliyekuwa tayari kumpa, na hivyo anaitii amri ya baba yake bila kukusudia, wakati ambapo utiifu huo hauwezi tena kuilinda nyumba." Katika sentensi moja mmejaa ishara, kinaya na hatima ya mgogoro, na mtahini ataziona hata kama mtahiniwa hajaitaja hata moja kwa jina.

Mwalimu anasema "kisengere nyuma" na kitabu kinasema "mbinu rejeshi". Nifuate lipi?

Fuata linalotumiwa na mtaala unaotahiniwa, na ukishalichagua usilibadilishe katikati ya insha. Kama mtaala hauna msimamo, jina lolote kati ya hayo linakubalika, mradi maelezo yanayofuata yaoneshe tukio gani limerejeshwa na limeletwa mahali hapo kwa sababu gani.